Gloomwood, Mark of the Ninja au Invisible, Inc.? Nina hela ya gemu moja tu

mnyatiaji
Wakuu, habari zenu. Nataka gemu ya kunyata kutoka studio ndogo, na mfuko unaruhusu moja tu. Juzi nilionja Gloomwood kwa binamu yangu, ikaniteka. Unaanza ukiwa mateka, huna kitu, baadaye unapata fimbo yenye upanga ndani. Pembeni mwa skrini hakuna mstari wa uhai wala ramani. Ukitaka kujua kama unaonekana unatazama pete kidoleni: iking'aa, uko peupe. Hata sanduku la vitu unalifungua hapohapo, na walinzi wanaendelea na doria, gemu haisimami kukungoja. Nilikanyaga sakafu ya chuma kidogo tu, jamaa akageuka na bunduki.

Ila kila mahali nakuta watu wanasifia Mark of the Ninja Remastered na Invisible, Inc. Nichukue ipi?

fundi_saketi
Kaka, hujataja mashine. Ina kadi ya michoro? RAM kiasi gani? Unatumia pedi ya kuchezea gemu au kibodi? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Dada_Kivuli
Mark of the Ninja. Mjadala ufungwe.

Haya, nieleze. Ilitoka 2012, hii ya Remastered, yaani iliyoboreshwa, ni ya 2018, na sijaona gemu inayomtendea haki mchezaji kama ile. Kila kelele inachorwa kama duara, kwa hiyo kabla hujakimbia unaona kabisa nani atakusikia. Ukiwa gizani unakuwa kivuli cheusi, ukiingia kwenye mwanga rangi zinarudi mwilini. Hakuna kubahatisha. Na ukitaka ukatili upo: ning'iniza maiti mbele ya mwenzake, aingiwe na hofu, aanze kufyatua risasi ovyo mpaka ampige wa kwao. Mimi huwa namaliza hatua bila kuua, ila ile nilifanya makusudi nione.

Ukiimaliza unaianza upya kwa ugumu mwingine: maduara ya sauti hayaonekani tena, na unaona upande unaoelekea tu. Hapo ndipo utajijua.

zamu_kwa_zamu
Dada, heshima yako, lakini hiyo ni gemu ya vidole. Invisible, Inc. ni ya kichwa. Studio ni ileile, Klei, na gemu ilitoka 2015. Unacheza kwa zamu, ramani inapangwa upya kila safari, na king'ora kinapanda kila zamu hata kama umetulia tuli. Kwa hiyo huwezi kujibanza konani ukangoja mlinzi apite. Ukikawia, walinzi wapya wanaingia.

Ninachokipenda zaidi: mlinzi uliyemzimisha atazinduka baada ya zamu chache, isipokuwa mtu wako abaki amemkalia. Sasa una watu wawili tu, mmoja amekalia mlinzi, mlango wa kutokea uko mbali, kasha la hela halijafunguliwa. Utaacha nini?

fundi_saketi
@mnyatiaji mashine?

pochi_tupu
Mnamshauri vizuri, ila hakuna aliyemwambia kwamba Gloomwood ilianza kuuzwa Septemba 2022 ikiwa bado inajengwa. Sisemi ni mbaya. Nasema asome ukurasa wake kwanza, ajue ananunua nini.

Mimi niliwahi kununua gemu ya kunyata iliyokuwa inajengwa, jina silitaji. Mwanzo tamu: ngome kubwa, mvua, walinzi wanapiga soga kuhusu mishahara yao. Nikaenda taratibu, kila chumba nakagua, kila mshumaa nazima. Nikafika ghorofa ya juu kabisa. Likaja sasisho, nikalipokea kwa furaha. Kufungua: rekodi zangu zote hazisomeki, anza upya. Sawa, nikaanza. Kufika ghorofa ya pili, mlinzi ananiona kupitia ukuta. Ukuta wa mawe! Nimejikunja nyuma ya pipa, giza totoro, yeye anapiga mbinja na kuja moja kwa moja. Nikawaandikia watengenezaji, wakajibu kwa adabu kwamba wanalifanyia kazi. Kurudishiwa hela ikashindikana, maana Steam, duka la gemu mtandaoni, wanataka uombe ndani ya siku 14 tangu ununue na uwe hujapitisha saa mbili za kucheza, na mimi saa mbili niliziacha kule kwenye mishumaa. Sasisho lililofuata likaleta kofia mpya za walinzi.

Dada_Kivuli
Kofia 😂 pole sana jamani.

zamu_kwa_zamu
Si ndiyo nyie wenye kusevu kila hatua tatu? Ungecheza bila kusevu ungejifunza kuishi na matokeo. Invisible, Inc. inakupa nafasi chache tu za kurudisha zamu, kulingana na ugumu uliochagua, basi.

pochi_tupu
Rekodi zimefutwa na sasisho, wewe unaniletea darasa la kusevu. Gloomwood yenyewe inakufanya utafute gramofoni ndiyo usevu. Hilo nalikubali, linatia hofu ya haki. Kufutiwa ni jambo lingine.

mnyatiaji
Samahani wakuu, nilitingwa. Ni lapitopu ya kawaida, haina kadi ya michoro. Kibodi tu. Halafu nilisahau kusema, ningependa niweze kucheza na mdogo wangu.

fundi_saketi
Yaani hilo la mdogo wako ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza! Zote tatu ulizotaja ni za mtu mmoja. Za watu wawili kuna Aragami ya 2016, unaruka kutoka kivuli kimoja hadi kingine, lakini ni ya 3D, hiyo lapitopu itatoa jasho. Jaribu Monaco ya 2013: wezi hadi wanne, unaitazama kutoka juu, nyepesi. Na tafuta pedi, kibodi moja kwa watu wawili ni ugomvi.

bata_bukini
Untitled Goose Game. Tangu 2020 inachezwa na wawili, mabata wawili.

zamu_kwa_zamu
Hiyo si ya kunyata.

bata_bukini
Unajificha vichakani, unasubiri mtunza bustani ageuke, unaiba funguo zake, unakimbia. Kunyata ni nini kingine?

zamu_kwa_zamu
Ukikamatwa unafukuzwa tu na mtu mwenye kofia ya majani. Hakuna hatari, hakuna kunyata.

Dada_Kivuli
Kwa hiyo mpaka mtu afe? Kwenye Mark of the Ninja ukifa unarudi hapohapo karibu, na hujawahi kuiita si ya kunyata.

zamu_kwa_zamu
Nani amesema sijawahi?

mnyatiaji
Mdogo wangu ameona neno bata, sasa hasikii lingine. Hiyo Monaco inakubali mmoja kibodi na mwingine pedi?