Kikoba chetu hawataki kupima sukari, nianzie wapi?

FundiCherehani_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Mwezi Juni, baridi ya huku Mbeya mnaijua, mama yangu alikuwa anaota moto wa jiko la mkaa. Kisigino kikaungua asisikie chochote. Aliyegundua ni mjukuu wake, kwa harufu ya soksi. Zahanati walimpima sukari kabla hajala, ikasoma 14 mmol/L. Kumbe zaidi ya mwaka mzima alikuwa anaamka mara nne usiku kwenda chooni, nasi tukasema ni uzee na baridi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kikoba tuko akina mama 23. Nimeomba Jumamosi aje mtu atupime, wamekataa. Wanasema kisukari ni cha wenye magari, sisi tunabeba viazi mlimani. Mwingine anasema ukipima ndiyo unauita. Nifanyeje?

NesiMstaafu
Pole mwanangu. Usianze na neno kisukari. Uliza nani anaamka usiku kukojoa, nani ana kiu isiyokata, ganzi miguuni, kidonda kisichofunga. Uliza pia nani alijifungua mtoto wa zaidi ya kilo 4, huyo apime hata kama hana dalili. Asubuhi kabla ya kula, 7 au zaidi si ya kupuuza, irudiwe siku nyingine. Jumamosi watakuwa wameshakula: ikifika 11.1 na dalili zipo, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.
Kubeba viazi kunasaidia kweli. Ila wewe unayeshinda kwenye cherehani, na mama yako anaumwa, tembea haraka nusu saa, siku 5 kwa wiki. Umepima?

Kijana_wa_Kyela
Dada, kwenye chakula nenda taratibu. Ukiwaambia waache wali na ndizi watakukimbia. Baba yangu aliambiwa apunguze kipimo cha chakula, nusu ya sahani iwe mboga, sembe aibadili kwa dona, soda aache. Wali hakuulilia. Kilichomshinda ni chai isiyo na sukari, wiki tatu hakusalimika mtu nyumbani.

FundiCherehani_Uyole
Asanteni. Mama Nesi, sijapima. Na kifungua mimba wangu alizaliwa na kilo 4.3. Muda wote nawasukuma wenzangu tu.
Jumamosi nitatoa kidole changu kwanza, wote wakiona. Mama amekubali kuja. Atavua kiatu.