MREJESHO: Asili ya jina Ketura

Wakuu, niliuliza jina Ketura limetoka wapi, lina maana gani na kama bado linatumika. Majibu nimeyapata, asanteni.

Ni la Kiebrania, mzizi wake k-t-r, wa kufukiza. Humo humo limo neno ketoret, yaani uvumba. Kwa hiyo ni "uvumba" au "aliyefukizwa manukato", si "taji" kama wengi wanavyodai. Taji ni keter, linaloandikwa kwa herufi ya Kiebrania kaf. Ketura linaanza kwa herufi nyingine, kof, na lina herufi tet katikati. Ukilisoma kwa herufi zetu tu, lazima uchanganye.

Kwenye Biblia, Mwanzo 25 inamtaja Ketura kama mke wa Ibrahimu, mama wa wana sita, Midiani akiwamo. 1 Nyakati 1:32 inamwita suria. Rashi, mfafanuzi wa Biblia wa Kiyahudi, alisema ndiye Hajiri, mama wa Ishmaeli, ila Mwanzo 25:6 inasema "masuria", kwa wingi, wakati kama ni mtu mmoja suria angekuwa mmoja, nami naona hapo hoja yake inayumba.

Kuhusu umaarufu: ni adimu. Ukikagua takwimu za majina ya watoto za Marekani, tafuta Keturah na Ketura kando kando, maana kila tahajia huhesabiwa peke yake, na jina lenye watoto chini ya 5 kwa mwaka haliorodheshwi kabisa.