Gemu za kutafuta vitu vilivyofichwa mnazipimaje? Mimi na mama hatukubaliani maksi

Nyota_ya_Tanga

Habari za jioni wakuu,

Naomba ushauri kwa wanaocheza zile gemu za kompyuta za kutafuta vitu vilivyofichwa, zile unaingia kwenye jumba au kijiji kilichohamwa, unapewa orodha ya vitu, unavisaka kwenye picha iliyojaa makorokoro, ukimaliza kimoja kinabaki kwenye mfuko wako unaenda kufungulia mlango huko mbele, na katikati kuna mafumbo na stori ya mtu aliyepotea. Sizungumzii za kukimbizana na kupigana risasi, hizi za taratibu.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na tangu nimwonyeshe hizi gemu basi tena. Tunacheza wote usiku baada ya taarifa ya habari, yeye anashika mausi mimi nakaa pembeni. Na ualimu haujamtoka, ana daftari la kaunta, kila gemu tukiimaliza inapewa maksi juu ya kumi na sababu zinaandikwa kwa kalamu nyekundu.

Sasa hapo ndo hatuelewani. Ya juzi mimi nimeipa nane yeye kaipa nne! Mimi niliangalia picha, muziki, ile hofu ya kutembea kwenye korido usiku mvua inanyesha nje, nilifurahi sana. Yeye anasema kijiko kimechorwa rangi ileile ya meza halafu kikafanywa hafifu hadi hakionekani, kisu kimekata kamba moja tu kikavunjika wakati mlango wa pili unataka kisu tena tukaanza kutafuta kingine, na mwisho wa stori umekatwa ili ununue toleo la bei kubwa. Nne, kafunga daftari.

Kwa hiyo naomba kujua nyie wazoefu mnaanza kuangalia nini mkisema gemu hii nzuri hii mbaya, na je kutumia hinti (kile kitufe cha kukuonyesha kitu kilipo ukikwama) ni kudanganya? Maana mama akikwama anaibonyeza bila shida, mimi roho inaniuma. La mwisho tununue ipi sasa, laptopu yake ya zamani RAM GB 4 haina kadi ya picha. Na jambo jingine, orodha zote ni Kiingereza, mama Kiingereza anakijua vizuri ila vitu vyenyewe ni vya Ulaya, unaambiwa tafuta chuma cha kuchokolea moto wa jiko la ukutani, mtu hujawahi kukiona utakijuaje kwenye picha?

Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Kete

Mama yuko sahihi kuliko wewe mtoa mada, na nasema hivyo kwa heshima. Picha nzuri siku hizi kila studio inayo. Kinachotofautisha ni kama mtengenezaji alikuficha kitu au alikunyima kitu. Kuficha ni kamba kuifanya ifuate mzabibu ukutani, nyoka azunguke kwenye mpini wa kikombe, mwezi mchanga uwe ndo pembe ya ng'ombe, kitu kipo wazi mbele ya macho yako ila umbo lake limeazimwa na kitu kingine, ukikiona unasema ahaa. Kunyima ni kukipunguza mwanga, kumfanya tembo awe mdogo kuliko kitufe cha shati, au kukitia nyuma ya pazia ibaki ncha. Huo ni mtihani uliotungwa na mwalimu anayetaka watoto wafeli, na mama yako anaujua mtihani wa hivyo akiuona.

Pia lazima ujue gemu unayoipima ni ya kizazi gani. Mystery Case Files: Huntsville ya mwaka 2005 ya kampuni ya Big Fish ya Seattle ilikuwa ni orodha na saa inakimbia basi, hakuna kubeba kitu kwenda chumba kingine. Return to Ravenhearst ya 2008 ndo ikaingiza safari kwenye mfululizo huo, unatembea kwenye nyumba, unaokota, unarudi ulikotoka. Mfululizo huo sasa umepita gemu 20. Ya zamani ipime kwa kutafuta peke yake, ya sasa ipime na jinsi vitu vinavyoshikana. Ndo maana hoja ya kisu ya mama nzito mno. Kisu kimekata kamba hakina sababu ya kuvunjika! Wanakivunja ili urefuke mchezo. Na ile ya mlango kukosa nembo ya kipepeo, kabati nayo imekosa nembo ya bundi, jeneza nalo limekosa nembo ya waridi, nikiona nembo ya tatu kwenye gemu moja napunguza maksi papo hapo.

dada_zuu

Mzee wa Kete nakuheshimu ila hapa nakataa. Ukipima hivyo unabaki na karatasi ya hesabu. Mimi nimecheza Dire Grove (2009, hiyohiyo Mystery Case Files) na mafumbo yake mengi yameshanitoka kichwani lakini ile baridi sijaisahau, kijiji cha Uingereza kimefunikwa na theluji, unaokota kanda za video za wanafunzi waliofika pale kabla yako, na kwenye kanda ni watu halisi wameigiza sio katuni, kila kanda unayopata unajua walizidi kuingia kwenye matatizo na wewe unafuata njia ileile. Hapo hata kutafuta vitu kunakuwa na sababu, unataka kanda nyingine. Nyota, nane yako usiiache. Gemu ikikutia hofu kwenye kiti chako mwenyewe imefanya kazi.

Ila kwenye mwisho uliokatwa nipo na mama asilimia mia. Toleo la bei kubwa likiwa na sura ya ziada, michoro na muziki sawa, anayetaka alipe. Stori kuu inatakiwa iishe kwenye toleo la kawaida, aliyepotea ajulikane yuko wapi.

fundi_wa_pc

Wakuu mnabishana maksi mtu anauliza atanunua vipi bila kuumia. Nyota usinunue gemu ambayo hujaijaribu. Big Fish wanakupa saa 1 bure kwenye kila gemu kabla ya kulipa, na ukinunulia Steam (duka la gemu la mtandaoni) wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na uwe hujacheza zaidi ya saa 2. Gemu hizi nyingi zinaisha kwa saa tatu hadi tano kwa hiyo saa ya kwanza unaona mengi tu.

Lakini hiyo saa muitumie kwa akili maana ndo sehemu waliyoipamba kuliko zote. Picha ya kwanza ya kutafuta isikudanganye, subiri ya tatu. Angalia wanakurudisha kwenye picha ileile na orodha mpya au wametengeneza nyingine. Kwenye fumbo la kwanza la kuzungusha pete au kusogeza vigae angalia kuna kitufe cha kuanza upya, kama hakuna mkivuruga mtaishia kuliruka tu. Angalia ramani kama inakurusha moja kwa moja chumba unachotaka na kuonyesha wapi kuna kazi, au unapita milango sita kupeleka ufunguo mmoja.

Laptopu RAM 4 inazibeba hizi bila shida nyingi zina picha za kuchorwa tu hazisogei sana. Mausi ikiwa nzito nenda kwenye mipangilio uzime ile mishale ya mapambo ya gemu, weka mshale wa kawaida wa kompyuta, utaona inakuwa nyepesi. Na zile za zamani sana za miaka ya 2005 picha zake ndogo, kwenye skrini pana zinavutika zinakuwa na ukungu, kwa macho ya mama sishauri.

Nyota_ya_Tanga

Asanteni sana, mama namsomea hapa anasema Mzee wa Kete apewe kumi 🙏 Kuhusu kujaribu saa moja hatukuwa tunajua kabisa, tulikuwa tunaangalia picha ya jalada tunanunua.

Kuna dada kazini anasema kwa nini tulipe wakati kwenye simu kuna za bure, anacheza June's Journey kila siku. Hizo mnazionaje? Na la hinti bado hamjanijibu.

kibokoni254

Niaje wadau, nasoma tu toka Mombasa lakini hapo kwa za bure wacha niseme. June's Journey ni ya Wooga wa Berlin, ilitoka 2017, imechorwa poa, ni miaka ya 1920 na huyo June anachunguza kifo cha dadake. Lakini ni kitu tofauti na hizo mnacheza na mum. Hizo za bure ziko na nishati, kila picha unayoingia inakula nishati, ikiisha ungoje ama ulipe, na unarudia picha ileile mara nyingi ndio upate nyota za kufungua inayofuata. Criminal Case ya wale wa Paris, Pretty Simple, iliyovuma sana Facebook toka 2012, ni hivyo hivyo. Ukirudia picha unakariri mahali vitu viko, sasa hiyo si kutafuta tena ni mbio za vidole. Na haiishi, haina mwisho kama kitabu.

Kama mtu yuko na dakika kumi kwa matatu iko sawa kabisa, sipingi. Lakini mum ako na daftari, anataka kumaliza na kutoa maksi, hiyo ataitoa maksi lini? Afadhali alipe mara moja aijue bei. Na kama kuna watoto wanashika hiyo simu, weka nywila kwa malipo, nimeona mtoto wa jirani akimaliza pesa ya mzazi kwa almasi za gemu na hakuwa anajua ni pesa ya ukweli.

Mzee_wa_Kete

Hinti sio kudanganya. Imewekwa kwenye skrini tangu mwanzo na inajijaza taratibu baada ya kuitumia, hiyo subira ndo gharama yake. Kuna ngazi za ugumu pia, ya chini hinti inajaa haraka na sehemu za kazi zinametameta, ya juu haimetimeti na ukibonyezabonyeza ovyo unaadhibiwa. Nyingi zina ngazi ya kujipangia mwenyewe, wekeni kumetameta kuzimwe ila hinti iwe ya haraka, hapo wote wawili mtafaidi.

Na hinti yenyewe ni kitu cha kupima! Ukiwa nje ya picha ya kutafuta ukaibonyeza, hinti nzuri inakuonyesha uelekee mlango upi. Mbovu inasema hapa hakuna cha kufanya halafu inakuacha. Mama aandike kwenye daftari alibonyeza wapi. Kama ilikuwa ni kwa sababu hakuelewa fumbo linataka nini, kosa la mtengenezaji. Kama alielewa akachoka kutafuta, hiyo ni mama na macho yake.

Pemba_kwetu

Assalaam alaykum. Mie nimesoma yote naona lile la vitu vya Ulaya hakuna aliyeligusa, na mie lilinisumbua sana hapo mwanzo. Sio picha zote zina orodha ya maneno. Kuna za vivuli, unaonyeshwa umbo jeusi la kitu ukitafute, kuna za vipande, mathalani vipande vya taa iliyovunjika, ukivipata vyote taa inajiunga, na kuna za jozi, unatafuta viwili vinavyofanana. Hizo hazina haja ya kujua jina. Tafuteni gemu zinazochanganya. Na kwenye orodha ya maneno, yale yenye rangi tofauti ujue kitu hicho hakionekani mpaka ufanye jambo, ufungue sanduku ama utie mshumaa kwenye kinara, watu wanahangaika nayo bure. Gemu nyengine zinakupa domino ama mahjong badala ya kutafuta, ukichoka unabadilisha.

Ya kuanzia mie nasema Enigmatis: The Ghosts of Maple Creek, ya Artifex Mundi wa Poland, 2011. Mpelelezi anaamka baada ya dhoruba hakumbuki yaliyompata, anatafuta msichana aliyepotea kwenye mji mdogo. Uzuri wake kuna ubao wa ushahidi ukutani, kila unachokiona unakibandika pale halafu wewe mwenyewe unaunganisha hiki na hiki vinasema nini. Mwalimu ataupenda ule ubao wallahi. Stori ya mhubiri mmoja aliyemo humo inaendelea kwenye ya pili na ya tatu, lakini kesi ya msichana mnaifanya humohumo. Kwenye simu pia ipo, unaanza bure unalipa ukitaka kuendelea, ila kwa macho ya mama mchomekee laptopu kwenye TV kwa waya wa HDMI.

dada_zuu

Enigmatis naunga mkono, hiyo hata Mzee wa Kete na mimi tutakubaliana. Na mkimaliza jaribuni Lost Lands za Five-BN, mama anaitwa Susan anamfuata mwanawe kwenye ulimwengu mwingine. Nyota mimi ningewashauri mama na wewe kila mtu aandike maksi zake kwenye karatasi pembeni kabla hamjaongea, halafu zote mbili ziingie kwenye daftari, nne na nane zikae pamoja. Mtu akifungua aone gemu hii kwa mwenye kupenda mafumbo ni hivi, kwa mwenye kupenda stori ni hivi. Wastani wa sita haumsaidii mtu.

Nyota_ya_Tanga

Jamani mbarikiwe. Jana tumepata la majaribio la Enigmatis tukachomeka kwenye TV kama alivyosema Pemba_kwetu. Mama kwenye ule ubao wa ushahidi alisimama kabisa akaenda kuonyesha kwa kidole kwenye kioo cha TV, anasema picha ya gari na hii karatasi vinaenda pamoja, na kweli vikaenda. Tumezima mishale ya mapambo, laptopu imetulia. Kapata kibano kwenye kitu kimoja tu akabonyeza hinti, nimemuuliza ilikuwa ni fumbo au macho, kasema macho, kaandika.

Wazo la dada_zuu la maksi mbili amelikubali ila anataka ya kwake iwe juu. Swali la mwisho fundi, tukilipa toleo kamili tutaanza upya au tunaendelea tulipoishia?

fundi_wa_pc

Inategemea na duka mkuu. Gemu nyingi zinaendelea ulipoishia ukitumia kompyuta ileile na jina lilelile la mchezaji, ila kwenye Steam la majaribio mara nyingi linakaa kama gemu tofauti mnaweza kuanza mwanzo. Usifute la majaribio mpaka uone kamili limefunguka wapi. Na mkianza upya mpe mama ngazi ya juu kidogo, sehemu hiyo anaijua tayari.