Mzazi anakula unga: mtoto aondolewe au abaki?

Mleta Mada: Nazungumzia Tanzania Bara. Polisi wamevamia kijiwe, wamemkuta mama na kete za unga, yaani heroini, mgongoni ana mtoto wa miezi minane. Mama anakwenda mahabusu. Mtoto je? Kwangu kutumia kwenyewe kunatosha kumwondoa, si lazima tusubiri adhurike. Na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 16, imewataja watumiaji wa dawa za kulevya waziwazi.

Kifungu kwa Kifungu: Imewataja wapi, mkuu? Inasema mzazi asiyefaa kulea kwa sababu ya uhalifu au ulevi. Kinachothibitishwa ni kutofaa, si kete. Tena kifungu cha 7 hakiruhusu mtoto kutenganishwa na wazazi mpaka mahakama iamue kwamba kubaki kutamletea madhara makubwa au hakuna maslahi kwake. Ukipeleka majibu ya mkojo peke yake, hakimu atauliza: uzito wa mtoto ukoje? Kadi ya kliniki iko wapi? Usiku analala na nani? Maafisa ustawi wa jamii wengi hukwama hapo, maana ripoti ina kurasa mbili, moja na nusu ni kumsema mama.

Pweza: Mnazunguka bure. Hata wanaokunywa methadoni, hiyo dawa ya kutibu wala unga, ni mateja walewale, wamebadilisha chupa tu. Mtoto apelekwe kwa bibi yake, kwisha.

Zamu ya Usiku: Ndugu yangu Pweza, hiyo "wamebadilisha chupa" ndiyo inayowafanya wajawazito wakimbie vituo vya methadoni. Unga unaisha mwilini baada ya saa chache, arosto, yale mateso ya kukosa dawa, inarudi, mtu anatoka kutafuta tena. Methadoni inashika siku nzima, na kwa kawaida dozi inamezwa mbele ya mhudumu. Mjamzito akiacha unga ghafla anaweza kupoteza mimba au kujifungua kabla ya wakati, ndiyo maana anaanzishiwa methadoni. Kichanga kinaweza kupata arosto yake: kutetemeka, kilio kikali, kupiga chafya, kuharisha. Tiba ya kwanza ni chumba tulivu, ngozi kwa ngozi na kunyonya mara kwa mara. Ikizidi, mofini ya matone. Kosa ni kumruhusu mama atoke hospitali baada ya saa 24. Dalili huja siku ya pili au ya tatu, nyumbani, watu wanadhani ni degedege.

Pweza: Mahubiri. Mkojo wa huyo mama ukipimwa utaonyesha nini?

Zamu ya Usiku: Utaonyesha ulichopima. Kipimo cha kawaida cha afyuni, jamii ya unga, hakioni methadoni, ina chake. Lakini kinasoma kodeini ya dawa ya kikohozi. Bangi kwa mvutaji wa kila siku hukaa wiki kadhaa, unga siku mbili tatu. Aliyekula unga Jumatatu anaweza kupita Ijumaa, na aliyeacha bangi wiki mbili akanaswa.

Mleta Mada: Jamani, niliuliza mtoto aliye mgongoni.

Mwana wa Mkunazini: Na mkumbuke hiyo Sheria ya Mtoto ya 2009 haivuki bahari. Zanzibar tuna Sheria ya Watoto Na. 6 ya 2011.

Pweza: Nani kauliza Zanzibar?

Kifungu kwa Kifungu: Hilo la bibi lina maana, ila bibi bila karatasi ni mlinzi tu. Mama akitoka mahabusu anabisha hodi, bibi anamkabidhi mtoto, faili limekufa. Amri ya malezi inahamishia haki za mzazi kwa afisa ustawi wa jamii, kikomo miaka mitatu au mtoto afike 18. Afisa ndiye anaweza kumweka kwa bibi. Amri ya usimamizi kikomo chake mwaka mmoja: mtoto anabaki nyumbani, afisa anatembelea. Mama akiachiwa na akawa anahudhuria kituo, mimi ningeomba ya pili. Wengi wanakimbilia ya kwanza kwa sababu ya pili inataka nauli ya kutembelea.

Zamu ya Usiku: Naunga mkono. Na afisa akitembelea, kama mama amepewa dozi za kupeleka nyumbani, aangalie kwanza zinafungiwa wapi. Funda moja linaweza kumuua mtoto.

Pweza: Heee! Kumbe chupa inaua. Nilisema mimi.

Zamu ya Usiku: Ulisema mateja. Panda juu ukasome.

Mleta Mada: Na mahabusu je?