Naomba ushauri kuhusu chakula na gharama ndani ya meli ya kitalii
Ndugu zangu, mimi na mama yangu mzazi tunatarajia kusafiri kwa siku 7 kwa meli ya kitalii, na kwa kuwa ni safari yetu ya kwanza ya aina hii, naomba ushauri wa waliotutangulia. Ninafahamu kwamba nauli hujumuisha chakula cha ukumbi mkuu na kile cha kujipakulia, lakini migahawa maalumu, soda, pombe na intaneti kwa kawaida hulipiwa kando, na kila unachonunua huandikwa kwenye kadi ileile inayofungua mlango wa chumba, hivyo fedha hutoka bila mtu kuziona zikitoka.

Kinachonisumbua zaidi ni kifurushi cha vinywaji. Kampuni nyingi hutaka mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wote wa chumba hicho wanunue pia, na mama hanywi kitu zaidi ya chai na maji, ambavyo hupatikana bure. Je, si afadhali nilipie kinywaji kimoja kimoja, hata kama bili huongezewa ada ya huduma?

Vilevile, bakshishi hukatwa kila siku kwa kila abiria. Je, mliilipa kabla ya safari au mlisubiri hesabu ya mwisho? Dawa za mama zinamlazimu kula mapema jioni, kwa hiyo naomba kujua pia iwapo zamu ya kwanza ya chakula yafaa kuombwa mapema, wakati wa kukata tiketi.