Tozo kwa waendelezaji ili kupanua barabara za Mwanza: inakokotolewaje, na nani mwenye mamlaka?

Mdau_Mkolani

Wakuu, habari zenu. Naomba wenye utaalamu wa mipango miji na uhandisi mnisaidie. Upande wa Buhongwa na upande wa Buswelu miradi ya viwanja na nyumba za kuuza inaongezeka, na magari yote yanaishia kwenye barabara zilezile. Kuna hoja kwamba mwendelezaji, yaani mwenye mradi, atozwe kabla ya kupewa kibali, fedha ipanue makutano na mitaro. Kiasi kinapatikanaje bila kubahatisha? Halmashauri ina nguvu ya kisheria? Na fedha itazuiwaje isiishie kwenye posho? Chukulieni mradi wa nyumba 240 zinazotokea kwenye makutano yaleyale.

Injinia_Igoma

Mkuu, usianze na shilingi ngapi kwa nyumba. Anza na orodha ya kazi: makutano gani, kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara) lipi, kipande kipi, kila kimoja na mchanganuo wake wa gharama. Tozo isiyo na orodha hiyo ni kodi iliyobadilishwa jina.

Kisha hesabu magari. Jumanne hadi Alhamisi, saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, ukiandika kila dakika 15. Vipindi vinne vinavyofuatana vyenye jumla kubwa kuliko vyote ndiyo saa yako ya kilele. Epuka siku ya gulio na wiki ambazo shule zimefungwa. Kila chombo kibadilishwe kiwe sawa na gari dogo: bodaboda nusu au pungufu, lori zaidi ya gari moja. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukihesabu bodaboda kama gari zima, makutano yanaonekana yameelemewa kuliko hali halisi, na wakili wa mwendelezaji ataikamata hiyo kabla hujamaliza kusoma ripoti.

Sasa mfano wako, kwa tarakimu za kufundishia tu. Makutano yana uwezo wa magari 900 kwa saa, yanayotaka kupita ni 1,000. Yakipanuliwa yatabeba 1,800. Kazi inagharimu bilioni 1.8. Uwezo ulioongezeka ni 900, kwa hiyo kila nafasi moja ya gari kwa saa ya kilele ni shilingi milioni 2.

Katika hizo 900, nafasi 100 zinaziba upungufu uliokuwepo kabla ya mradi. Hizo milioni 200 zilipwe na umma, si mwendelezaji. Zilizobaki 800 ndizo za miradi mipya.

Kama kila nyumba inatoa safari 0.4 za gari kupita hapo saa ya kilele, nyumba 240 ni safari 96, yaani shilingi milioni 192, au 800,000 kwa nyumba. Hiyo 0.4 usiichukue kwenye vitabu vya Marekani. Kule nyumba ya familia moja huwekewa karibu safari moja nzima, kwa sababu kila mtu anatoka na gari lake. Huku wengi wanatoka kwa daladala na bodaboda. Kaa getini kwenye mtaa wa nyumba za hadhi hiyohiyo zilizokwisha kukaliwa, uhesabu.

Mwendelezaji akijenga mwenyewe kalavati la milioni 60 lililomo kwenye orodha, likatwe: analipa milioni 132. Kalavati la ndani ya mradi wake halikatwi, hilo ni lake.

SheriaNdogo

Hesabu ya Injinia naikubali. Nguvu ya kisheria ndiyo ngumu zaidi. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa sheria ya Bunge au utaratibu uliotiwa nguvu na sheria ya Bunge. Kwa hiyo azimio la baraza la madiwani peke yake halitoshi. Inatakiwa sheria ndogo iliyosimama juu ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, iidhinishwe na waziri na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Bila hivyo, atakayelipa leo atadai arudishiwe kesho.

Halafu kuna suala la nani anajenga. Tangu 2017 barabara za mijini na vijijini ziko TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), si halmashauri. Barabara ya Kenyatta na ya Nyerere ni za TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa). Halmashauri ikikusanya bila makubaliano ya maandishi na mwenye barabara, fedha italala benki na makutano yatabaki yalivyo. Ongeza na hili: gari la Buswelu linatoka Manispaa ya Ilemela, linakwenda kukwama Nyamagana, yaani Jiji la Mwanza. Manispaa moja inapokea tozo, jiji jingine linapokea foleni. Mkataba wa kugawana usainiwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia.

Kuhusu posho: akaunti tofauti, matumizi kwenye orodha tu, na muda wa kurudisha. Texas, yenye sheria ya namna hii tangu 1987, inamruhusu mlipaji kudai fedha yake isipotumika ndani ya miaka 10. Na matengenezo yasiguswe kabisa. Kuziba mashimo ni kazi ya Mfuko wa Barabara, ambao kila anayejaza mafuta anauchangia. Ukimtoza tena mwendelezaji kwa hilo, umemtoza mara mbili.

Kiwanja_Kiseke

Mbona mnazungumza kama kila anayejenga Mwanza anaomba kibali? Nyumba nyingi za milimani zimepanda bila ramani, urasimishaji umekuja baadaye. Tozo itamwangukia aliyepima viwanja na kufuata taratibu. Ataipandisha kwenye bei, mnunuzi atakimbilia kiwanja cha mkataba wa serikali ya mtaa. Mtakuwa mmewaongeza watu mlimani.

Na msisahau Mahakama Kuu ya Marekani. Kesi ya kaunti ya El Dorado, California, 2024: mwenye kiwanja alidaiwa dola 23,420 za barabara kwa nyumba moja tu, akashinda.

SheriaNdogo

Alishinda hoja, hakushinda kiasi. Mahakama ilisema tozo iliyowekwa na baraza la kutunga sheria nayo inapaswa kupimwa kama inalingana na athari ya mradi, si zile anazowekewa mtu mmoja mmoja tu. Kama 23,420 ilizidi au haikuzidi, hilo lilirudishwa chini. Kwetu haitufungi, ila ndiyo sababu hesabu ya safari 96 iwe kwenye faili.

La milimani umelisema kweli. Kwa nyumba mojamoja nisingetoza. Gharama ya kukusanya itakula tozo. Ningeanzia mradi wa viwanja 20 kwenda juu, ghala, kituo cha mafuta na hoteli.

Injinia_Igoma

Kwa miradi ya kati, nashauri sharti la kibali badala ya fedha: ajenge mwenyewe kwa michoro iliyoidhinishwa, aweke dhamana ya benki. Hasa mitaro, kwa sababu hapa kwetu mvua inaharibu barabara mpya kuliko magari.

Pima hivi: hekta 6, mvua ya milimita 80 kwa saa. Kabla ya ujenzi, kigawo cha mtiririko (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini) 0.35, maji ni 0.35 × 80 × 6 ÷ 360, karibu mita za ujazo 0.47 kwa sekunde. Baada ya mabati, paving na barabara, kigawo kinafika 0.70, maji yanakuwa 0.93. Bomba la zege la milimita 600 kwenye mteremko wa asilimia 1 linapitisha kama 0.6. Lilitosha jana, halitoshi kesho, na maji yatapanda juu ya lami na kuchimba bega la barabara. Akiweka la milimita 900, linapitisha kama 1.8, shida imeisha. Mwanza penye miamba kigawo cha mwanzo kinaweza kuzidi 0.35, kwa hiyo apime eneo lake kabla hujamtwika ongezeko lote.

Dhamana isirudishwe siku ya makabidhiano. Ipite masika moja kwanza, mkague midomo ya makalavati na bega la barabara.

Mdau_Mkolani

Asanteni wakuu. Swali la mwisho: tipa za mawe na mchanga wakati wa ujenzi, zinaingia kwenye hesabu ya safari?

Injinia_Igoma

Haziingii, zile za kilele ni za wakazi. Uharibifu wa tipa unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: ukizidisha uzito kwa asilimia 20, uharibifu unakuwa kama mara mbili. Piga picha za barabara kabla ya kazi kuanza, muweke sahihi pande zote mbili, na sharti la kurudisha barabara kwenye hali hiyo liwe kwenye kibali.