Comet ya 1952 na kituo cha Entebbe: je, ni madirisha ya mraba kweli yaliyoiangusha?

Swali, kutoka kwa MpendaAnga (Mwanza)

Ndugu wanajukwaa, salamu. Ninafuatilia historia ya usafiri wa anga katika miaka ya mwanzo baada ya Vita Kuu ya Pili, na kila ninapofika kwenye Comet, jeti ya abiria iliyoundwa na kiwanda cha de Havilland cha Uingereza, nakwama. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya aina hiyo yenye usajili G-ALYP iliondoka London ikiwa na abiria 36, ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kutua Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Hiyo ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza ya ratiba ya ndege ya jeti kubeba abiria waliolipa nauli, na ilitua Uganda miaka sita kabla ya jeti za abiria kuanza kuvuka Atlantiki kwa ratiba. Nina maswali mawili. Kwa nini ilipita Entebbe na si Nairobi? Na je, ni kweli, kama inavyosemwa kila mahali, kwamba ilipasuka angani kwa sababu tu ya madirisha yake ya mraba? Nashindwa kuelewa kiwanda kilichoanza kuirusha Julai 1949 kilikosaje kuliona jambo hilo kwa miaka mitatu ya majaribio.

Jibu, kutoka kwa MzeeWaViwanja (Kampala)

Ndugu MpendaAnga, nianze na Entebbe. Comet ya kwanza ilikula mafuta mengi na haikuweza kwenda mbali bila kutua, ndiyo maana njia ile ina vituo vingi. Injini zake nne za Ghost hazikuwa na nguvu ya ziada, kwa hiyo ilihitaji njia ndefu ya kurukia, hasa penye joto na mwinuko. Entebbe ilikuwa imepanuliwa na kufunguliwa rasmi upya Novemba 1951, mahsusi kwa kuitarajia ndege hiyo. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 ambako hewa ni nyepesi zaidi, wakati huo ilitegemea uwanja wa Eastleigh, na ule wa Embakasi haukufunguliwa hadi 1958. Udhaifu huo wa kupaa haukuwa jambo dogo: Machi 1953, Comet iliyokuwa ikipelekwa kwa wanunuzi wake wa Kanada ilishindwa kuinuka ilipokuwa ikiruka Karachi, na watu wote 11 waliokuwamo walikufa.

Jibu, kutoka kwa FundiMwili (Dar es Salaam)

Ndugu yangu, swali lako la pili ndilo zito, nami naliheshimu sana kwa sababu kila ndege ninayoikagua leo inalindwa na jibu lake.

Tarehe 10 Januari 1954, G-ALYP ileile ya safari ya kwanza ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba muda mfupi baada ya kuondoka Rome, na watu 35 wakafa. Comet zilisimamishwa, zikafanyiwa marekebisho mengi kwa kubahatisha, hasa kwa dhana ya moto, kisha zikarudishwa kazini Machi 23. Aprili 8 nyingine, iliyokuwa ikitoka Rome kwenda Cairo, ikaanguka karibu na Naples na kuua watu 21. Hapo ndipo uchunguzi wa kweli ulipoanza huko Farnborough, kwenye kituo cha serikali ya Uingereza cha utafiti wa ndege, chini ya mkurugenzi wake Arnold Hall.

Wachunguzi walichukua Comet nzima, G-ALYU, wakaizamisha katika tenki la maji, mabawa yake yakiwa yametokeza nje. Walitumia maji kwa kuwa hayabanani kama hewa: mwili ukipasuka hewa hulipuka na kuharibu ushahidi, lakini maji huacha ufa ulivyo. Walijaza na kupunguza shinikizo ndani ya mwili, mara kwa mara, huku mitambo ikiyakunja mabawa kama yakunjwavyo na upepo. Ikipaa hadi takriban mita 12,000, Comet ilibeba ndani yake shinikizo kubwa kuliko ndege za abiria zilizoitangulia, na kila safari iliuvuta mwili kisha kuulegeza. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa hukatika bila kuvutwa kwa nguvu. Alumini nayo huchoka hivyo. Juni 1954 mwili wa G-ALYU ulipasuka, baada ya jumla ya safari 3,057 za kweli na za kuigiza, ufa ukianzia kwenye kona ya uwazi uliokatwa mwilini.

Sasa kuhusu madirisha: kona kali hukusanya mkazo, hilo ni kweli, lakini katika G-ALYP ufa ulianzia juu ya paa, kwenye uwazi wa antena ya redio, penye tundu la ribiti, yaani pini ya kuunganishia mabati. Kipande hicho kilipatikana baharini baada ya Jeshi la Majini la Uingereza kusaka mabaki kwa kamera za televisheni zilizoshushwa majini. Kwa hiyo kusema "madirisha ya mraba" ni kuliacha nusu ya jambo.

Na kiwanda kilipima. Sehemu ya mwili iliyofanyiwa jaribio la uchovu ilikuwa imeshawahi kujazwa shinikizo kubwa mno ili kuthibitisha nguvu yake, na shinikizo hilo liliinyoosha metali kidogo kwenye kona na kuifanya istahimili kuliko ndege zilizotoka kiwandani. Jaribio la pili likatoa matokeo mazuri ya uongo. Mimi hapo ndipo ninapoona kosa lenyewe, wala silioni katika umbo la dirisha.

Nyongeza, kutoka kwa MzeeWaViwanja (Kampala)

Nakubaliana na fundi. Niongeze kwamba Comet 4, yenye mwili uliosanifiwa upya na injini za Rolls-Royce Avon, ndiyo iliyoanzisha safari za jeti za abiria kuvuka Atlantiki tarehe 4 Oktoba 1958, wiki tatu kabla ya Boeing 707 ya Pan American, ingawa soko lilikuwa limeshaielekea Boeing iliyobeba watu wengi zaidi. Na East African Airways, shirika lililoanzishwa 1946 na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar likiwa na ndege ndogo za de Havilland za mbao na kitambaa, lilipokea Comet 4 zake kuanzia 1960.